Pakanga Ina Nguvu, Lakini Dawa ni Kipimo

Nani kati yetu, wakazi wa Migori na Homa Bay, hajapata kuugua malaria au kumuuguza mtoto aliyeshikwa nayo? Ukanda huu wa Ziwa Viktoria ndio unaoongoza nchini kwa maradhi hayo. Si ajabu basi mtu akiambiwa kuna jani linaloyatibu bila gharama, akaamini.

Jani linalosifiwa ni pakanga, ambalo wengine huliita atemisia. Sifa hizo si za bure. Katika mmea huo, mtaalamu wa China, Bi. Tu Youyou, alipata kemikali ya atemisinini mwaka 1972, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Vidonge vya AL tunavyopewa zahanatini tangu 2006 vina asili hiyo hiyo. Wanaobeza miti shamba na walikumbuke hilo.

Hata hivyo, wanaochemsha majani hayo nyumbani hawana budi kuijua habari yote. Tu na wenzake walipotumia moto, matokeo yaliyumba. Walifaulu baada ya Tu kusoma maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, aliyeagiza majani yalowekwe na kukamuliwa. Hapo aling'amua kwamba joto ndilo lililoiharibu dawa.

Aidha, nani ajuaye kikombe cha chai kina atemisinini kiasi gani? Kiasi haba huua vimelea dhaifu na kuviacha vilivyo sugu vikizaana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikataa kuunga mkono matumizi ya chai ya majani hayo. Lakini hata anayemeza AL siku moja, kisha akapata nafuu na kuweka masalio, anatenda kosa lile lile. Dozi ni vipimo sita kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta.

Tumekwisha kuonywa. Klorokwini ilishindwa, ikaachwa mwaka 1998. Fansidar iliyoirithi haikumaliza miaka kumi. Sasa vimelea vinavyostahimili atemisinini vimethibitishwa Rwanda, Uganda na Tanzania, na vimelea vilivyomo katika damu ya msafiri haviulizwi kitambulisho pale Isebania.

Sitawalaumu raia peke yao. Mama anayefika zahanatini akaambiwa dawa zimekwisha atafanya nini ila kurudi kwenye majani? Naona ni wajibu wa serikali zetu za kaunti kuhakikisha kwamba vifaa vya kupimia malaria na dawa havikosekani hata wiki moja. Nayo KEMRI ipewe fedha za kutosha kuichunguza mimea ya wazee wetu, Wajaluo, Wakuria na Wasuba, ili ijulikane ni upi wenye dawa na kwa kipimo gani.

Pakanga imeokoa maisha kwa sababu ilichunguzwa na kupimwa. Tukiitumia kiholela, itakwenda njia ya klorokwini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.