PERUKI YA LESI NA HESHIMA YA MSICHANA WA MASOMO



Mwaka huu kuko mabishano mengi hapa masomoni juu ya kitu kimoja: peruki ya lesi, ile wanayofunga nyuma sawa mkia wa farasi. Wasichana wanaipenda. Wavulana wanaichekelea. Direkta wa nidhamu anaitafuta ku mstari kila asubuhi. Kila mtu amekwisha kusema neno lake ku kalasi na ku njia, lakini katika gazeti letu bado. Mimi neno langu ni hili: sheria ya nywele fupi ibaki, lakini tuache kumvua mtu peruki mbele ya watu.

Kwanza tuelewe kitu chenyewe. Peruki ya lesi ina kitambaa chembamba sana upande wa uso, chenye matundu sawa chandarua, na nywele zimefungwa humo moja moja. Ukiitazama unafikiri nywele zimeota ku ngozi. Zamani ilikuwa kitu cha watu wa michezo ya jukwaani na ya sinema. Leo inauzwa mpaka hapa Butembo. Nyingi zinatengenezwa Uchina, sana sana ku mji wa Xuchang, katika jimbo la Henan. Wafanyabiashara wetu wanajua njia ya Dubai na ya Guangzhou, na vitu vyao vinapita Mombasa na Uganda mpaka Kasindi.

Kwa nini mkia wa farasi? Kwa sababu peruki iliyoachwa wazi inajulikana upesi, lakini ikivutwa nyuma na kufungwa, inafanana na nywele za mwenyewe zilizochanwa vizuri. Hapo njo hatari inaanza. Peruki nyingi za bei ndogo zina lesi mbele tu. Nyuma kuko mistari iliyoshonwa, na ukiinua nywele mistari inaonekana. Basi msichana anatia kole ku paji la uso, anavuta kwa nguvu na kukaza na lastiki ili mistari ijifiche. Uzito wote unashikwa na nywele ndogo za mbele na za pembeni ya masikio. Zinaanza kukatika. Ukiacha mapema, zinarudi. Ukiendelea miaka, shina la unywele linakufa, ngozi inabaki laini sawa kiganja, na hapo dawa haisaidii tena. Walio na haraka ya kubandua kole wanang'oa nywele pamoja nayo.

Dada zangu, kama mnaivaa wakati wa likizo ao siku ya ndoa, mfunge chini karibu na shingo, bila kukaza, bila kole, na usiku mwitoe. Hii si mahubiri, ni kuchunga kichwa chako.

Sasa tuje ku sheria. Ndugu wengine wanasema peruki ni zambi, na wanaonyesha 1 Timoteo 2 na 1 Petro 3. Tusome vizuri. Pale Mitume wanataja kusuka nywele, na zahabu, na mavazi ya bei kali. Peruki haitajwi. Na sisi wote tunasuka, hata mama wa kwaya. Kama ni zambi ya kutupeleka ku moto, tutaenda wengi! Mafundisho yale yanatuonya tusiweke heshima yetu ku mapambo, na onyo hilo ni la mwenye peruki, la mwenye kusuka na la kijana mwenye viatu vya bei pia.

Wengine wanasema ni nywele za maiti ao za mashetani. Peruki nyingi ni za plastiki tu. Zile za nywele za watu, sehemu inatoka Uhindi, ku hekalu la Tirumala, ambako watu wanakwenda kunyolewa kwa kutimiza naziri zao, kiisha hekalu linauza nywele. Mkristo ambaye zamiri yake inamsumbua juu ya hiyo, aache. Lakini asiseme ni maiti.

Kwangu mimi, sababu nzuri ya sheria ni nyingine. Tunavaa nguo nyeupe na bluu ili mtoto wa tajiri na mtoto wa mama anayeuza sombe ku soko wakae ku banki moja bila kupimana. Peruki ya nywele za watu inaweza kupita dola 100. Masomo ya msingi ya serikali yalitangazwa kuwa ya bure tangu 2019, lakini sisi wa sekondari tungali tunalipa. Msichana akiona mwenzake na ile mkia, anaanza kumsumbua mama yake, ao anamsikiliza mwanaume mwenye pikipiki anayemwahidi. Hiyo njo inaharibu masomo. Kwa hiyo ninaunga mkono sheria. Ninaomba tu iandikwe pamoja na sababu yake, maana mtu anatii vizuri kitu anachoelewa.

Lakini namna ya kuitimiza, hapana. Katika masomo moja ambayo sitaitaja, msichana aliitwa mbele ya mstari, bendera ikiwa juu. «Toa ile kitu ku kichwa!» Alikawia, wakaivuta. Kumbe chini hakukuwa na nywele, kulikuwa na mabaka ya ugonjwa. Watu mia na zaidi wakacheka. Hakurudi tena masomoni. Sheria ilishinda, mwanafunzi akapotea. Ni faida gani?

Nguvu juu ya nywele si kitu kipya. Katika Tanzania, umoja wa vijana wa TANU ulitangaza «Operesheni Vijana» mwaka 1968, ianze tarehe 1 Januari 1969, juu ya kukataza peruki, nguo fupi na suruali za kubana. Ku Dar es Salaam vijana wakashambulia wanawake ku njia. Kwetu hapa, katika miaka ya 1970, Mobutu alikataza peruki kwa jina la «authenticité». Leo angalieni soko la Dar es Salaam na la Kinshasa: peruki zimejaa. Aibu waliyopewa wale mama haikuzuia kitu.

Mtu atasema: «Tukiacha nafasi, wote watasema ni wagonjwa.» Si kweli, kama tunapanga vizuri. Ninaleta maombi matatu kwa Bwana Prefe na walimu. Moja, nywele zikaguliwe ndani ya biro, mlango umefungwa, na mama mwalimu, si ku mstari. Mbili, msichana aliyepoteza nywele kwa ugonjwa, kwa moto ao kwa dawa kali, aseme mara moja tu kwa mama mmoja, aonyeshe karatasi ya muganga, apewe ruhusa ya kuvaa fulari ao peruki fupi isiyo ya kujionyesha. Tatu, peruki iliyokamatwa irudishwe kwa mzazi. Isichomwe. Ni pesa ya mtu.

Na ninyi ndugu wavulana, mnaopiga kelele «mkia! mkia!» wakati msichana anapita, mjue kwamba hamjui kilicho chini ya kile kitambaa. Anaweza kuwa ametoka kitandani na tifoide miezi miwili iliyopita, maana homa kali inaangusha nywele nyuma, wakati mtu amekwisha kupona.

Walezi wetu wa kike wanavaa peruki nzuri siku ya proklamasio, na hatuwalaumu, ni watu wazima. Tunawaomba watusimamie sisi sawa wangesimamia mabinti wao nyumbani: kwa ukali wa sheria, ndiyo, lakini mlango ukiwa umefungwa.

Mwenye neno lingine aandike, gazeti ni letu sote.

Mwanafunzi wa kike,
kalasi ya nne ya Pedagojia