Mashine Hununuliwa, Mtaalamu Hufundishwa

Ukiwauliza wanafunzi wa sayansi hapa Bujumbura wanataka kuwa nani, wengi watakujibu: daktari. Ni jibu jema. Lakini ni nani asemaye, "Nataka kuwa mtaalamu wa tiba ya mionzi"? Mimi sijapata kumsikia, nami naona upungufu huo ni mkubwa kuliko tudhanivyo.

Kwa miaka mingi mgonjwa wa saratani wa Burundi aliyehitaji mionzi amelazimika kuvuka mpaka. Wengine wamekwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 1,000, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Na tangu mwaka 2019 tiba hiyo imepatikana Kigali, katika hospitali ya jeshi ya Kanombe. Tena tiba yenyewe si ya siku moja. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, iwapatayo sana mama zetu, mgonjwa hupewa mionzi siku tano kwa juma, kwa majuma matano hivi. Nauli, chumba, chakula, na mtu wa kumwangalia! Mwenye nacho huenda. Asiye nacho hubaki nyumbani.

Wako wasemao, "Serikali inunue mashine, basi." Nami nasema, mashine peke yake haitoshi. Tutazame jirani zetu wa Uganda. Mwaka 2016 mashine yao pekee ya mionzi, iliyokuwa Mulago, iliharibika isitengenezeke tena. Ilipita zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kupata nyingine, na mpya ikazinduliwa Januari 2018. Maandalizi ndiyo yaliyochukua muda, maana mashine hizi hutaka chumba chenye kuta nene za zege. Na ikiwa kuta hutaka miezi, mtaalamu hutaka miaka. Daktari bingwa wa saratani, tangu atoke sekondari, husoma miaka kumi na zaidi.

Wala daktari hafanyi kazi hii peke yake, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Daktari huamua kiasi cha mionzi. Mwanafizikia hupima mashine na kufanya hesabu. Mtaalamu wa mionzi humlaza mgonjwa kila siku mahali pale pale, bila kukosea hata kidogo, na kuiendesha mashine. Hapo ndipo masomo yetu yanapoingia. Katika mashine za kobalti 60, nguvu ya kobalti hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5 na miezi mitatu hivi. Kwa hiyo dakika zilizotosha mwaka juzi hazitoshi leo. Zikipungua, ugonjwa hubaki. Zikizidi, nyama nzima huungua. Basi asiulize mtu tena logarithimu zina faida gani!

Wengine huogopa kwamba mionzi itawadhuru wafanyakazi. Hofu hiyo ina sababu, lakini ina dawa. Mtaalamu hukaa nje ya chumba wakati wa tiba, na huvaa kipimo kidogo kionyeshacho mionzi aliyoipata. Hatari iko kwa mzembe.

Njia ya kusoma ipo. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Dar es Salaam, hufundisha shahada ya tiba ya mionzi. Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na wa Wakala wa Kimataifa wa Nguvu za Atomiki wa Vienna tangu 2009. Wakala huo husaidia mafunzo ya wataalamu wa nchi wanachama. Kiswahili tunacho cha kusemea na wagonjwa. Lakini sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa yatupasa kukaza Kiingereza, maana ndicho cha darasani huko.

Lipo neno moja la haki. Kijana akisoma nje kisha akarudi asipate kazi, ataondoka tena, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Kwa hiyo wakubwa wapange nafasi za kazi mapema, kama wapangavyo majengo. Nanyi ndugu zetu mliokwisha maliza shule hii, mlio hospitalini na vyuoni, njoni mtueleze sisi wadogo zenu kazi hizi zilivyo. Sisi nasi tufungue vitabu vyetu vya fizikia leo, ili siku mashine itakaposimama Bujumbura, asitafutwe mgeni wa kuiwasha.