Malezi ya Awali: Ratiba ya Siku Ndiyo Kipimo cha Kituo cha Kulelea Watoto

Mzazi anayempeleka mtoto wa miaka mitatu katika kituo cha kulelea watoto wadogo mchana huwa na swali moja anapomchukua jioni: leo ameandika nini? Daftari likiwa na mistari ya herufi na alama ya vema kwa kalamu nyekundu, mzazi huridhika. Likiwa tupu, huanza kujiuliza iwapo ada anayolipa ina thamani. Wamiliki wa vituo hulisikia swali hilo kila siku, na wengi wao hupanga ratiba kwa namna ya kulijibu. Matokeo yake ni watoto wa miaka mitatu na minne kukalishwa kwenye madawati asubuhi nzima wakinakili herufi ambazo bado hazina maana kwao.

Hali hiyo inakwenda kinyume na mwelekeo ambao Taifa limejiwekea. Desemba 2021, Serikali ilizindua jijini Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayofahamika kwa kifupi kama PJT-MMMAM, iliyopangwa kutekelezwa kuanzia mwaka 2021/22 hadi 2025/26. Programu hiyo inamlenga mtoto tangu kutungwa kwa mimba hadi umri wa miaka minane, na imejengwa juu ya maeneo matano yanayotegemeana: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, pamoja na fursa za ujifunzaji wa awali. Katika mpangilio huo, ujifunzaji ni sehemu moja ya maisha ya mtoto, wala hautenganishwi na chakula, usingizi na upendo wa mlezi.

Aidha, mchezo una ulinzi wa kisheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 8 kinachoeleza wajibu wa mzazi au mlezi kumtunza mtoto, inataja haki ya kucheza na kupumzika katika orodha ileile yenye chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unatambua haki hiyo katika Ibara ya 31. Mwaka 2024, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitenga tarehe 11 Juni kila mwaka kuwa Siku ya Kimataifa ya Michezo ya Watoto.

Msingi wa msimamo huo unaonekana katika kazi ndogo ya kushika kalamu. Ili mtoto aandike herufi moja, anahitaji vidole vyenye nguvu, kiganja kilichozoea kubana na kuachia, na jicho linaloweza kuuongoza mkono. Uwezo huo hujengeka anapofinyanga udongo, anapotunga vifuniko vya chupa kwenye uzi, anapochambua mbegu za maharage na mahindi, au anapochora mchangani kwa kijiti. Mtoto aliyenyimwa kazi hizo na kupewa kalamu mapema huishika kwa ngumi, huchoka haraka na huanza kuliona daftari kama adhabu.

Hesabu nayo ina mlango wake. Katika mchezo wa mdako, mtoto wa miaka mitano na kuendelea hurusha kete juu, huchota nyingine kutoka shimoni na kuzirudisha akibakiza idadi inayotakiwa, yote hayo kabla kete iliyorushwa haijatua. Hapo anajumlisha, anatoa na kukadiria muda bila kuambiwa kwamba yuko darasani. Katika mchezo wa kupikapika, watoto hugawana majukumu, hupatana bei za vitu dukani na huzungumza kwa sentensi ndefu kuliko zile wanazotumia kumjibu mwalimu. Katika kombolela, mmoja huhesabu huku wenzake wakijificha, na wote hujifunza kusubiri, kufuata kanuni na kukubali kushindwa.

Hata hivyo, ujifunzaji kwa njia ya michezo haumaanishi kuwaachia watoto uwanja na kukaa kivulini. Mlezi huandaa kona za ujifunzaji, huchagua zana kulingana na umri, huuliza maswali na kuongeza msamiati. Pia hulinda usalama, kwa mfano kwa kuhakikisha kwamba kete, mbegu na vifuniko haviwafikii watoto wachanga wanaoweza kuvimeza.

Mchezo huo huzaa matunda unapokuwa ndani ya siku yenye mpangilio. Siku iliyopangwa vizuri huanza kwa mlezi kumpokea mtoto kwa jina na kumkagua afya yake. Hufuata wimbo wa pamoja, michezo ya kona, kunawa mikono, uji, michezo ya nje, hadithi, chakula cha mchana, usingizi, kisha michezo mepesi hadi mzazi anapofika. Mtoto mdogo hajui kusoma saa, lakini anajua kwamba baada ya kunawa huja uji, na baada ya hadithi huja chakula. Ujuzi huo humpa utulivu, kwa kuwa mtoto asiye na hofu juu ya kitakachofuata hulia kidogo na hucheza kwa umakini zaidi. Shughuli zenyewe pia ni masomo: kunawa ni somo la afya, kugawa vikombe ni somo la kuoanisha idadi, na kukunja mkeka ni somo la wajibu.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unaipa ratiba hiyo vipimo. Mtoto wa miaka mitatu hadi minne anatakiwa kujishughulisha kimwili kwa angalau dakika 180 kwa siku, zikiwemo angalau dakika 60 za shughuli za nguvu ya wastani hadi kubwa. Anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 ndani ya saa 24, na muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja. Kituo kinachowakalisha watoto asubuhi nzima na kuwawashia runinga mchana kinakosa vipimo hivyo kwa pande zote mbili.

Changamoto za utekelezaji ni za kweli. Mlezi mmoja mwenye watoto wengi katika chumba kidogo huona kunakili herufi ubaoni kuwa njia rahisi ya kudumisha utulivu. Vituo vingine havina uwanja, na baadhi ya walezi hawajapata mafunzo ya malezi ya awali. Hivyo basi, usajili na ukaguzi wa vituo unaosimamiwa na maofisa ustawi wa jamii unapaswa kwenda sanjari na mafunzo kwa walezi, ili anayekaguliwa ajue pia namna ya kurekebisha kasoro. Gharama ya zana si kikwazo kikubwa, kwani udongo, mchanga, maboksi, vitambaa na vifuu vya nazi hupatikana karibu kila mahali.

Mzazi naye ana nafasi ambayo hakuna mkaguzi anayeweza kuijaza. Kabla ya kulipa ada, ni vyema aombe kuona cheti cha usajili na ratiba ya siku, aangalie mahali watoto wanapolala na kucheza, na ahesabu walezi waliopo. Jioni, badala ya kudai daftari, amuulize mtoto amecheza na nani, amesimuliwa hadithi gani na amekula nini. Mtoto anayeweza kuyaeleza hayo kwa mfuatano tayari anajifunza kupanga mawazo, na hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kusoma na kuandika.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Elimu ya awali na Darasa la Kwanza vitamfundisha mtoto herufi kwa wakati wake. Miaka ya kujenga vidole, lugha, utulivu na ujasiri wa kuuliza ni michache, na siku zake hupangwa na watu wazima wanaomlea.