Dirisha la Atlanta na simu ya shosho yangu

Sawa wasee, wiki hii hakuna vichekesho. Kuna kitu kimenikaa kifuani tangu Jumapili na nisipokiandika nitakimwaga mahali si pake.

Jumapili usiku nilikuwa natafuta kitu cha kutazama nikaangukia Facing Darkness, filamu ya 2017 kuhusu Ebola kule Liberia. Imetengenezwa na Samaritan's Purse, shirika la Kikristo la Marekani ambalo daktari wao mwenyewe aliugua. Mnanijua, nilianza kama mtu wa kutafuta makosa. Wamishonari wanajitengenezea filamu, wanajisifu, si ndiyo? Saa nane usiku nilikuwa nimejifunika blanketi nikilia kimya kimya ili mwenzangu wa chumba asisikie.

Kwa wale hamjui hiyo stori: daktari Kent Brantly alihamia Monrovia Oktoba 2013 na mkewe Amber na watoto wao wawili wadogo. Alikuwa kwa hospitali ya ELWA, kituo cha wamishonari. Ebola ikaingia Liberia, naye akawa anavaa zile nguo za plastiki kwa joto la pale na kuingia wodini. Tarehe 20 Julai 2014 Amber na watoto walipanda ndege kwenda Texas kwa harusi ya familia. Siku tatu baadaye Brantly aliamka na homa.

Siku tatu tu. Wangechelewa kidogo wangekuwa nyumba moja naye akianza kuugua. Badala yake Amber akawa Texas, bahari nzima katikati, akiwapima watoto na yeye mwenyewe joto mpaka zile siku 21 ziishe, huku mumewe anazidiwa upande wa pili. Hangeweza kurudi.

Mwenzake, Nancy Writebol wa shirika la SIM, aliugua wakati huohuo. Yeye mumewe David alikuwa papo hapo, lakini kuwa papo hapo kulimsaidia nini? Alimwona kupitia dirishani, ama avae yale mavazi ya kujikinga mwili mzima. Agosti 5 Nancy akapakiwa ndegeni kwenda Marekani na David akabaki Monrovia. Jaribu kufikiria umeoa mtu, unamwona anabebwa na machela, na huwezi hata kumshika kidole.

Brantly alikuwa ametangulia. Agosti 2 alifikishwa Emory University Hospital, Atlanta, akashuka ambulensi kwa miguu yake mwenyewe, na dunia yote ikiangalia. Amber akaenda kuongea naye kukiwa na kioo katikati. Wote wawili walipona. Agosti 21 Brantly alitoka hospitali.

Sasa kabla mniruke kwenye komenti: sina neno baya na huyo jamaa. Dawa ya majaribio, ZMapp, ilipofika ikiwa kidogo, aliomba apewe Nancy kwanza. Alipewa damu ya kijana wa miaka 14 aliyepona Ebola akiwa mgonjwa wake, na alipopona yeye akatoa plazma yake kwa wagonjwa wengine. Hiyo si maneno ya mtandao, hiyo ni mwili wake.

Shida yangu ni dirisha. Yaani, lile dirisha lenyewe.

Kwa sababu Agosti ileile, Monrovia ileile, kulikuwa na familia nyingi zilizotenganishwa vilevile na hazikuwa na dirisha. Madaktari Wasio na Mipaka walifungua kituo kikubwa cha Ebola karibu na hiyo hospitali ya ELWA katikati ya mwezi, kikajaa mpaka wagonjwa wakawa wanarudishwa langoni. Gari linakuja mtaani, linambeba mama yako, na baada ya hapo ni kimya. Watu walizunguka kituo hadi kituo wakiuliza jina. Halafu serikali ikaamuru waliokufa kwa Ebola jijini wachomwe. Liberia wana Decoration Day, Jumatano ya pili ya Machi, siku ya kusafisha na kupaka rangi makaburi ya watu wako. Wengi hawakuwa na kaburi la kupaka. Makaburi ya Disco Hill, mahali familia zingeweza kuzikia watu wao, yalikuja kufunguliwa mwaka ukiisha.

Ebola ile ya Afrika Magharibi iliua zaidi ya watu 11,000, na zaidi ya 4,800 kati yao ni Liberia. Kila mmoja alikuwa na Amber wake mahali.

Mnakumbuka vile habari ilikuwa inasemwa huku? Nilikuwa darasa la tano. Kenya Airways ilisimamisha ndege za Liberia na Sierra Leone, na kwa runinga tukaambiwa watu wa kule wanaficha wagonjwa chini ya vitanda kwa sababu ya ujinga na ushirikina. Mwalimu akarudia. Sisi tukaamini, tena tukacheka.

Mimi siamini tena, na nitawaambia ni kwa nini.

Julai 2020 shosho yangu alishikwa na Korona. Tulimpeleka hospitali moja, sitaitaja, akaingizwa kwa wadi ya kutengwa na tukaambiwa turudi nyumbani tusubiri simu. Alikuwa na kale kasimu kake ka mulika mwizi, chaji ikaisha siku ya kwanza. Mama alipiga namba ya hospitali asubuhi, mchana, jioni. Inaita. Siku nyingine mtu anashika anasema ngoja, halafu laini inakatika. Siku ya tano baba mdogo alienda mpaka getini, askari akamwambia jina halipo kwa orodha.

Halipo, yaani nini? Amehamishwa? Amekufa? Na hiyo ilikuwa miezi michache tu baada ya nchi nzima kuona yule mtu alivyozikwa usiku kule Siaya, kwenye shimo, bila jeneza. Mama alikuwa na hiyo video kichwani. Halali. Mimi nilikuwa na miaka 17, shule zimefungwa, na kazi yangu ilikuwa kukaa na simu mkononi.

Siku ya tisa nesi mmoja alitupigia na simu yake mwenyewe, kredo yake mwenyewe. Shosho alikuwa hai. Alihamishwa wadi siku ya tatu na hakuna mtu alionelea ni muhimu kutuambia.

Lakini sikizeni hii. Shosho aliporudi nyumbani hakutuongelesha kama siku mbili hivi. Siku ya tatu akamwambia mama, kwa upole tu, akikunja leso: "Nilidhani mmenitupa." Siku tisa zote sisi tulikuwa tunadhani amekufa, yeye alikuwa amelala pale akidhani tumemtupa.

Baada ya hapo, wiki mbili mbele, mjomba akaanza kukohoa. Mnadhani tulimpeleka wapi? Tulimfungia chumba cha nyuma na tangawizi na maji moto, na tukakubaliana hakuna mtu anasema. Nyumba ya watu waliosoma, baba mdogo ana digrii mbili. Tulimficha. Alipona, kwa bahati tu, na tungeweza kuua mtaa mzima. Sasa niambie tena kuhusu ushirikina wa Monrovia.

Na si ati haiwezekani kufanywa tofauti. Ebola ilipoingia Beni, Kongo mashariki, 2018, shirika la ALIMA lilitumia vyumba vya plastiki angavu vinavyoitwa CUBE. Mgonjwa yuko ndani, familia inasimama nje inamwona, wanaongea. Daktari anamhudumia kupitia mikono ya glavu iliyoshonwa ukutani. Beni, si Atlanta. Watu wanaoongea Kiswahili kama sisi, katikati ya vita.

Siombi serikali yetu inunue CUBE, najua bajeti zetu zinavyokwenda na zinakokwenda. Ebola ilikuwa Kampala Januari 2025, na Kampala ni basi moja la usiku kutoka hapa Nairobi. Itakuja, ama itakuja nyingine. Ninachotaka ni simu moja kwa kila wadi ya kutengwa, ikiwa na kredo, na mtu mmoja ambaye kazi yake, kazi ya mshahara, ni kupigia kila familia kila siku na kusema amekula, hajala, ameamka, anawasalimia. Ipitishwe kaunti, iandikwe kwa bajeti kwa jina lake. Nesi asitumie kredo yake. Nimemwandikia mwakilishi wadi wetu mara mbili. Ya kwanza aliniwekea emoji ya kidole gumba.

Kuna watu watasema mimi ni mtu wa kuacha chuo mwaka wa pili, najua nini kuhusu afya ya umma. Sijui mengi. Najua siku tisa zina urefu gani.

Shosho yuko Nyeri, ana miaka 81, na siku hizi ana simu mbili. Moja iko kwa chaja kila wakati. Ukijaribu kuichomoa uweke yako, atakuchapa na fimbo, na hakwambii ni kwa nini.