Wafadhili wakiondoka, nani hubaki na deni?

HATUA ya Marekani kulivunja shirika lake la misaada, USAID, mnamo 2025 ilizishtua nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo. Rais Donald Trump alisitisha misaada ya kigeni Januari 20 mwaka huo, siku aliyoapishwa. Kufikia Machi, Waziri wa Mashauri ya Kigeni Marco Rubio alitangaza kuwa asilimia 83 ya miradi ya shirika hilo imefutwa, na mnamo Julai 1 kazi yake ya misaada ikakoma rasmi. Uingereza nayo ilikuwa imetangaza mwezi Februari kwamba itapunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3 ya pato la taifa kufikia 2027.

Kilio kikubwa kilihusu dawa na hospitali, na kwa haki. Hata hivyo, kwa mkulima wa Mlima Kenya, mfereji wa wafadhili kufungwa si jambo geni. Novemba 1991, wafadhili waliokutana Paris waliinyima Kenya misaada mipya hadi ifanye mageuzi ya kisiasa na kiuchumi. Wafadhili huja na huenda. La muhimu ni kujiuliza wanaacha nini nyuma yao.

Jibu moja linapatikana Kiganjo, mji mdogo ulio karibu na Nyeri kwenye barabara ya kuelekea Nanyuki. Wakenya wengi huujua kwa chuo cha polisi. Wafugaji wa sehemu hizo huujua kwa kiwanda cha maziwa cha New KCC.

Kampuni ya KCC iliasisiwa na walowezi mnamo 1925, na kwa miongo mingi ndiyo iliyotawala soko la maziwa nchini. Soko hilo lilipofunguliwa mnamo 1992, KCC, iliyokuwa tayari imedhoofishwa na usimamizi mbaya, ilianza kuporomoka. Wafugaji walikaa miezi bila malipo. Iliuzwa kwa watu binafsi mnamo 2000, kisha serikali ya Rais Mwai Kibaki ikaitwaa tena mnamo 2003.

Ajabu ni kwamba kampuni ilianguka lakini maziwa hayakukauka. Sababu moja ni mradi uliofadhiliwa na Uholanzi kuanzia 1980 hadi 1995, ambao ulieneza katika wilaya nyingi ufugaji wa ng'ombe wa gredi zizini. Mkulima mwenye ekari mbili alifunzwa kupanda nyasi za napier, kuzikata na kumpelekea ng'ombe, na kurudisha mbolea shambani. Waholanzi walipofunga virago, maarifa hayo yalibaki kichwani mwa mkulima na napier ikabaki shambani mwake. KCC iliposhindwa kumlipa, aliwauzia wachuuzi, vyama vya ushirika na kampuni mpya. Hadi leo, sehemu kubwa ya maziwa ya Kenya hutoka kwa wafugaji wadogo.

Sasa linganisha na kahawa. Katika miaka ya 1980 na mapema ya 1990, Benki ya Dunia iligharimia miradi ya kuboresha kahawa ya wakulima wadogo. Viwanda vya vyama vya ushirika vilijengwa na kukarabatiwa, na pembejeo zikatolewa kwa mkopo. Nia ilikuwa njema. Lakini fedha zilipita serikalini na benkini kabla ya kufika chamani, na marejesho yakakatwa katika malipo ya kahawa. Mkulima aliyetia sahihi alikuwa kiongozi wa chama. Aliyelipa alikuwa mwanachama.

Julai 1989, mfumo wa kimataifa wa kugawa viwango vya mauzo ya kahawa ulisambaratika na bei ikaporomoka. Deni halikushuka pamoja na bei. Vyama vikubwa vya Nyeri vikagawanyika vipande vipande katika miaka ya 1990 huku wanachama wakizozania viwanda na madeni yake. Wengine waling'oa mikahawa. Uzalishaji wa nchi, uliokuwa umekaribia tani 130,000 msimu wa 1987/88, sasa ni karibu tani 50,000. Serikali ililazimika baadaye kufuta sehemu ya madeni hayo, yaani kuyahamishia kwa mlipa ushuru.

Si kweli, basi, kwamba misaada yote ni sumu, wala kwamba yote ni neema. Tofauti ya miradi hii miwili ni mahali palipobaki mamlaka na mahali palipobaki hatari. Katika maziwa, mkulima aliachiwa ujuzi na uhuru wa kuuza atakako. Katika kahawa, aliachiwa hatari ya soko bila uwezo wa kuamua.

Kipimo hicho kinafaa kutumiwa kwa miradi ya karibuni. Mradi wa maliasili za Tana ya Juu, ulioendeshwa kuanzia 2012 hadi 2022 katika kaunti sita, Nyeri ikiwemo, uligharimu takriban dola 68 milioni. Wengi waliuita msaada. Ukweli ni kwamba karibu nusu ya fedha hizo ilikuwa mkopo wa shirika la Umoja wa Mataifa la IFAD, na Uhispania nayo ilikopesha. Miti iliyopandwa na mito iliyolindwa ina faida kubwa, kwani Nairobi hupata karibu maji yake yote kutoka mabonde hayo. Lakini deni ni la Wakenya wote, na utunzaji umeachiwa wenyeji.

Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti huduma nyingi za kilimo. Kifungu cha 212 kinaruhusu kaunti kukopa iwapo tu serikali ya kitaifa itadhamini mkopo na bunge la kaunti kuuidhinisha. Hapo ndipo madiwani wanapaswa kuamka. Kabla ya utepe kukatwa, waulize: Huu ni msaada au mkopo? Ukarabati wa mwaka wa sita umetengewa fedha gani? Bei ikianguka, nani atalipa?

Mtegemea cha nduguye, walisema wahenga, hufa maskini. Kwa mkulima wa kahawa hata hilo lilikuwa nafuu: cha nduguye alikitegemea, kisha akatakiwa kukilipa.