Shingo Isiyouma Iachwe

Korea Kusini imerudi palepale. Takwimu zake za mwaka 2020 ziliiweka tena saratani ya tezi ya thairoidi mbele ya saratani nyingine zote nchini humo, miaka sita tu baada ya madaktari wake wenyewe kujitokeza hadharani kuomba watu wazima wa afya wasipigwe altrasaundi ya shingo. Mwito wao ulisikika kwa muda na upasuaji ukapungua kwa asilimia 35, kisha mazoea yakashinda. Niseme mapema: kumpima thairoidi mtu asiye na uvimbe wala dalili ni kosa, na kadiri mashine zinavyoona vizuri zaidi ndivyo kosa hilo linavyokua.

Mwaka 1999 serikali ya Seoul ilianzisha uchunguzi wa saratani kwa wananchi. Thairoidi haikuwamo, lakini hospitali na kliniki ziliichomeka kwa ada ya ziada ya dola 30 hadi 50. Kufikia 2011 wagonjwa wapya walizidi 40,000 kwa mwaka, kiwango cha mara 15 ya kile cha 1993. Waliokufa je? Kati ya 300 na 400 kwa mwaka, vilevile kama zamani.

Watetezi wana hoja zao. Saratani ikiwahiwa hutibika, wanasema, na Korea karibu kila mgonjwa wa thairoidi yu hai miaka mitano baada ya kugunduliwa. Kweli, ila ukiorodhesha maelfu ya watu ambao ugonjwa huo usingewaua kamwe, asilimia ya wanaopona itapanda hata usipotibu mtu. Wanaongeza kwamba siku hizi ipo mizani ya TI-RADS, ya kupima shaka ya saratani katika vinundu vya thairoidi vinavyoonekana kwa altrasaundi, kwa hiyo hakuna kubahatisha.

Na mizani yenyewe sina ugomvi nayo. Ile ya Chuo cha Radiolojia cha Marekani, ya mwaka 2017, inamtaka mtaalamu atazame mambo matano: kinundu kimejaa maji au nyama, kina weusi gani kwenye picha, kimesimama au kimelala, kingo zake zikoje, na kama kina vijidoa vinavyong'aa. Kila jambo lina alama zake. Kinundu cha nyama tupu, cheusi, kilichosimama wima, hufika alama 7 na kuingia daraja la tano, lenye shaka kubwa kuliko yote. Chenye vitundu kama sponji hupata sifuri na kuachwa.

Lakini daraja hilo linajibu swali moja tu: je, humo mna saratani? Mwenye shingo anataka kujua jingine: itamfanya nini? Katika kongosho maswali hayo mawili yanakaribia kuwa mamoja. Katika thairoidi yameachana mbali. Mwaka 1985 watafiti wa Finland walipasua tezi za maiti 101 vipande vyembamba, wakakuta saratani ndogo za papilari katika zaidi ya theluthi moja. Mjini Kobe, Japani, hospitali ya Kuma ilianza 1993, kwa pendekezo la Akira Miyauchi, kuwafuatilia bila kisu wagonjwa wenye saratani zisizozidi sentimita moja. Katika wagonjwa 1,235, makadirio ya miaka kumi ni kwamba asilimia 8 tu uvimbe wao ungekua kwa milimita tatu au zaidi. Hakuna hata mmoja aliyeuawa na saratani hiyo, na kwa wazee ndiko ilikokua kidogo zaidi.

Walioitunga mizani wanalijua hilo. Ndiyo maana hata kinundu cha daraja la tano hawataki kichomwe sindano ya kuchukua sampuli kikiwa chini ya sentimita moja. Cha daraja la nne kisubiri hadi 1.5, cha tatu hadi 2.5. Haya, nani akishashikishwa karatasi iliyoandikwa "shaka kubwa" atasubiri sentimita? Atamtafuta wa kumchoma, na wa kumchoma hakosekani. Sindano italeta kisu, na kisu kikiondoa tezi yote kitaleta kidonge cha homoni kila siku hadi kaburini. Korea, takriban 11 katika kila 100 waliopasuliwa walibaki na upungufu wa homoni inayotunza kalisi mwilini, na wawili walipooza nyuzi za sauti. Tunaambiwa hao wameokolewa. Wameokolewa na nini? Wengi waliingia kliniki wazima, kwa miguu yao, wakalipia kuugua.

Anayepapasa uvimbe, mwenye sauti ya kukwaruza bila mafua, aliyepigwa mionzi utotoni au mwenye ugonjwa huo katika ukoo, huyo apimwe, na mizani itumike ipasavyo. Kwa wasio na dalili, jopo la kinga la Marekani lilishakataa mwaka 2017. Vifurushi vya "kupima mwili mzima" vinauzwa sasa hata Nairobi na Dar es Salaam. Kilicho na altrasaundi ya thairoidi ndani yake, ifutwe na bei ipunguzwe.