Kwani Gazeti ni la Makomredi Pekee?

Wasee, leo tuongee kuhusu kitu haina kelele lakini inauma. Kama uko chuo sai, kuna mlango uko nao na pengine hujawahi hata kuubisha: maktaba ya chuo, ile ya mtandaoni. Si vitabu tu. Vyuo hulipia hifadhi kama EBSCO na JSTOR, na humo ndani kuna majarida kibao, na magazeti pia. Si lazima ukae kwa jengo. Unaingia na imeli ya chuo ukiwa kwa nyumba Kangemi, ama kwa mat pale Waiyaki Way jam ikikataa kusonga, na unasoma.

Mimi niliacha chuo karo iliposhinda watu wa kwetu. Imeli ikafungwa, maktaba ikaenda nayo. Darasa sidai, darasa ni la waliolipa. Lakini gazeti? Hapo nakataa.

Kazi yangu ni kutengeneza video za kueleza mambo ya hii city: bajeti ya kaunti, nauli, bomoabomoa. Huwezi kueleza kitu vizuri kama hujasoma alichoandika mwanahabari aliyefika pale. Na mwaka wa 2021 Nation iliweka ukuta wa malipo kwa tovuti yake. Siwalaumu, mwandishi pia hula. Ila angalia matokeo: habari iliyochunguzwa inalipiwa, uongo wa WhatsApp ni bure. Kijana wa Kawangware mwenye bando ya mbao atasoma gani? Halafu tunashangaa mbona mtaa mzima unaamini forwadi.

Kuna mtu ataniambia, "Si ulipe tu." Sawa, nalipa gazeti moja. Na la pili? Na jarida? Na matoleo ya zamani? Hata chuo hakilipi kivyake. Tangu 2003 kuna KLISC, muungano wa maktaba za Kenya unaonunua hizi hifadhi pamoja ili bei ishuke. Yaani njia ya kununua kwa pamoja tunaijua tayari. Kama chuo kikubwa kinahitaji wenzake ndio kimudu, mtu mmoja wa Uthiru atamudu aje?

Maoni yangu ni haya: kadi ya maktaba ya umma ifungue magazeti mtandaoni, vile imeli ya chuo inafungua hizo hifadhi. London, maktaba nyingi za mitaa huwapa wenye kadi PressReader, maelfu ya magazeti na majarida kwa simu, bila kulipa. Mchapishaji analipwa, msomaji anasoma. Hakuna anayeibiwa.

Na sisi tuko na McMillan pale Banda Street, chini ya kaunti. Ilifunguliwa 1931, na kwa miaka mingi ya ukoloni ilikuwa ya Wazungu pekee. Leo mlango uko wazi kwa kila mtu, lakini matawi yake mawili, Kaloleni na Makadara, yote yako Eastlands. Sisi wa huku magharibi tunahitaji ile ya kwa simu zaidi. Zamani mlango uliuliza rangi yako. Wa mtandaoni leo unauliza namba ya usajili. Kaunti na KNLS wanaweza kuuondoa, na mwakilishi wetu wa wadi aulizwe hiyo swali kabla ya kuomba kura.

Tukingoja, tumia zilizo wazi. JSTOR inakuruhusu kufungua akaunti ya bure na kusoma makala 100 kila mwezi, bila chuo. Humo utapata Transition, jarida ambalo Rajat Neogy alianzisha Kampala 1961. Google News Archive nayo ina kurasa za zamani za Daily Nation zilizopigwa skani. Tafuta wiki uliyozaliwa, ama wiki mzazi wako alizaliwa, uone bei ya unga.

Na wewe komredi, ingia leo. Soma, kisha ueleze mtaa ulichosoma. Usidhani hii ni shida ya sisi tulioacha tu. Siku utamaliza, hiyo imeli inaweza kufungwa pia, na utakuwa nje na sisi, na degri mkononi.